Bahasha Aliyonipa Kabla ya Salamu

Ilikuwa Jumanne jioni, mwezi wa Juni, nami nilikuwa na kitabu cha stakabadhi mkononi. Nilibisha hodi nyumbani kwa mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Dar es Salaam, mama anayeuza vitumbua kwenye kona ya barabara yetu, na kabla sijamaliza kusema shikamoo alikuwa amekwisha kugeuka na kuingia ndani. Nilidhani amekwenda kuniletea kiti. Alirudi na bahasha ya ujenzi, akanikabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Nisamehe mwanangu, nimechelewa. Humo mna elfu kumi. Iliyobaki nitaileta mwenyewe."

Nilihesabu, nikaandika stakabadhi, nikamshukuru kwa niaba ya jumuiya, nikaondoka.

Hakuniuliza nimefuata nini. Alikuwa anajua.

Nilikuwa nimekwisha kufika kwangu ndipo nikakumbuka kwamba sikuwa nimemwona mama huyu jumuiyani kwa muda mrefu. Jumamosi iliyofuata nilimwomba katibu daftari la mahudhurio, nikahesabu: Jumamosi 9 mfululizo. Kila Jumamosi, saa 12:30 asubuhi, jina lake lilikuwa limesomwa, pakawa na kimya kifupi, kisha likasomwa jina linalofuata. Mimi nilikuwapo mara zote hizo 9. Katika daftari langu la michango, ambalo hulishika kama mtunza hazina, nilikuwa nimeweka alama nyekundu mbele ya jina lake tangu mwezi wa Aprili, na ni alama hiyo nyekundu iliyonipeleka mlangoni kwake.

Jumuiya yetu ilikuwa na madaftari mawili. Moja lilinituma kwake na la pili halikumtuma mtu yeyote.

Majuma mengi yamepita tangu jioni ile na jambo hili limekataa kuniacha, ndiyo maana ninaliandika. Ninaliandika kwa ruhusa ya mama mwenyewe, na nimeliacha jina lake kando.

Mstari tunaousoma kuanzia katikati

Upo mstari ambao kila mwanajumuiya anaujua, kwa kuwa ndio unaotumika kuwakemea watoro. Tunausoma hivi: "wala tusiache kukusanyika pamoja, kama ilivyo desturi ya wengine." Nimewahi kuusoma mimi mwenyewe mbele ya watu, kwa sauti ya ukali kidogo, asubuhi moja ambayo tulikuwa tumefika watu 6 katika nyumba iliyoandaliwa chai ya watu 20.

Baada ya jioni ile ya bahasha niliufungua tena, Waebrania 10, katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 ambayo wengi wetu tumekua nayo, nikagundua kwamba kwa miaka yote tumekuwa tukiingia katika sentensi hiyo kupitia dirishani. Mlango wake uko juu zaidi, katika mstari wa 24: "tukaangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri." Kukusanyika kunakuja baada ya hapo. Mwandishi anaanza na macho.

Tukaangaliane.

Nililibeba neno hilo kwa siku kadhaa. Kiswahili kimelipa maana mbili ambazo hapa haziwezi kutenganishwa, maana kumwangalia mtu ni kumtazama, na pia ni kumtunza, kama tunaposema fulani anamwangalia mama yake mgonjwa. Mtu aliyeketi katika duara letu asubuhi ya Jumamosi akatoka bila kuwa ametazamwa na mtu yeyote, hata kama jina lake limewekewa alama ya kuhudhuria, hajaangaliwa. Na mtu ambaye hayupo anaweza kuangaliwa vilevile, ikiwa pengo lake limeonekana.

Neno jingine lilinisumbua zaidi, lile la katikati ya mstari wa 25: "bali tuonyane." Kwa masikio ya leo, kumwonya mtu ni kumpa onyo, na onyo ni kitu anachopewa mfanyakazi aliyechelewa kazini. Nilimpelekea mchungaji swali hilo. Akaniambia kwamba neno la Kigiriki lililoko pale ni *parakaleo*, ambalo hubeba mambo kadhaa kwa pamoja: kumwita mtu karibu, kumsihi, kumfariji na kumtia moyo, na kwamba linatoka katika shina lilelile la jina analopewa Roho Mtakatifu katika Yohana 14, ambalo Biblia yetu imeliandika "Msaidizi". Nikamuuliza kwa nini basi wafasiri hawakuandika "tutiane moyo". Akacheka, akasema nilitazame vizuri neno lenyewe la Kiswahili kabla ya kulilaumu.

Nikalitazama. Onya ni mtoto wa ona. Kumwonya mtu, katika asili ya neno, ni kumfanya aone.

Kwa hiyo sentensi hiyo inaanza na kutazamana na kufikia kuoneshana, na kukusanyika kumewekwa hapo katikati ili mambo hayo mawili yapate mahali pa kufanyikia. Sisi tulikuwa tumekitunza kile cha katikati kwa bidii kubwa, kwa daftari, kwa ratiba ya nyumba kwa nyumba, na kwa michango ya bahasha za rangi tatu.

"Nani hayupo?"

Bibi yangu mzaa baba aliishi Muleba, mkoani Kagera, na alikuwa mmoja wa wale walioguswa na uamsho uliovuka kutoka Rwanda na Uganda. Historia yake inajulikana na wengi. Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, moto ukawaka katika hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, na katika miaka ya 1930 ukasambaa Uganda, Buhaya, na hatimaye Kenya. Hata neno "mlokole", ambalo leo hulisikia daladalani na sokoni, tumelipokea kutoka kwa Waganda kwa njia hiyo.

Ninachokitaka mimi si historia. Ninakitaka chumba cha bibi.

Walikutana Jumatano alasiri, watu 12 au 15, wameketi juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, kahawa ya kutafuna ikipitishwa katika kikapu kidogo. Hapakuwa na daftari, kwa kuwa wengi wao hawakujua kuandika. Kabla ya wimbo wa kwanza, mzee aliyeongoza alizungusha macho chumbani polepole, uso kwa uso, kisha akauliza, "Nani hayupo?" Jina likitajwa, kabla wimbo haujaisha walikuwa wamekwisha kupatikana watu wawili wa kwenda huko, jioni ileile.

Mwaka mmoja, aliyekosekana alikuwa bibi mwenyewe. Alikuwa amegombana na mkamwana wake, yaani mama yangu, akaona aibu kuketi na ndugu hali moyo wake umechafuka, akabaki nyumbani majuma matatu. Walikuja wanawake wawili. Mmoja wao aliona rundo la ndizi ambazo hazijamenywa, akachukua kisu, akaanza kumenya, na mwenzake akachukua kingine. Walimenya ndizi mpaka giza likaingia, wakiongea habari za mvua na za ng'ombe wa jirani, bila kutaja ibada hata mara moja. Bibi alisema kwamba kama wangemuuliza neno moja, angeliwajibu kwa uongo. Hawakumuuliza. Walipokuwa wakinawa mikono ili waondoke, yeye ndiye aliyeanza kusema.

Ndugu hao waliupenda sana mstari mmoja wa Yohana: "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi." Kwao ushirika ulikuwa hali ya watu walioacha kufichana, na kikao cha Jumatano kilikuwa mahali pake pa kuonekana tu. Nafikiri hicho ndicho kilichowapa nguvu ndugu wao wa Kenya ya kati katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, walipokataa kula kiapo cha Mau Mau, na baadhi yao wakakataa pia kupokea bunduki za serikali, wakasimama mahali ambapo kila upande uliwahesabu kuwa maadui. Mtu hasimami mahali kama hapo kwa ujasiri wake peke yake.

Yanayonitia hofu

Nisingependa msomaji adhani kwamba ninatamani tu kurudi katika chumba cha bibi. Bibi mwenyewe alinisimulia habari za msichana mmoja aliyesukumwa kuungama mbele ya watu wote jambo ambalo hakuwa tayari kulisema, na jinsi alivyotoka chumbani mle akaenda zake na asionekane tena kanisani maisha yake yote. Bibi aliisimulia habari hiyo kwa sauti ya mtu ambaye alikuwapo na hakusema neno.

Nuru ile waliyoipenda, mkononi mwa mtu asiye na upendo, ni tochi ya kummulika mwenzake machoni.

Na sisi wa mjini tuna hatari zetu. Nilipotaja jumuiyani, Jumamosi ile ya kuhesabu daftari, kwamba mama wa vitumbua hajaonekana kwa siku nyingi, majibu yalikuja upesi mno. Mmoja alisema amesikia kwamba mama amehamia kwa nabii fulani. Mwingine alisema kuna watu anaowakimbia. Wa tatu alisema kwa upole kwamba labda anahitaji faragha yake na tusimwingilie. Nilitambua kwamba tulikuwa tunajua mambo mengi juu ya mama huyu, na kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameyapata kutoka kwake. Tulikuwa tumemchunguza bila kumwangalia. Kati ya umbea na faragha, ambayo sisi tunaiita heshima, kuna nafasi nyembamba sana ya kupita, na wengi wetu, tukiogopa kuangukia upande mmoja, tunachagua kukaa nyumbani.

Hapo nilimfikiria Barnaba. Mitume walimpa jina hilo, "mwana wa faraja", na tunapolisikia tunadhani alikuwa mtu wa maneno matamu. Lakini Sauli alipofika Yerusalemu na wanafunzi wote wakamwogopa, Luka haandiki kwamba Barnaba alimfariji kwa maneno. Anaandika kwamba "akamtwaa, akampeleka kwa mitume." Alitembea naye, akaliweka jina lake mwenyewe dhamana kwa ajili ya mtu ambaye kila mmoja alikuwa na habari zake na hakuna aliyetaka kuketi naye.

Ipo hofu moja nzito zaidi ambayo siwezi kuipita. Gahini iko Rwanda. Nchi ileile ambayo kutoka kwake watu wa Afrika Mashariki walijifunza upya kuitana ndugu katika Kristo ndiyo nchi ambamo mwaka 1994 watu walikimbilia makanisani, Ntarama, Nyamata na kwingineko, wakauawa humo, na miongoni mwa wauaji walikuwamo waliobatizwa kama wao. Walikuwapo pia Wakristo waliowaficha majirani zao, na baadhi yao walikufa kwa sababu hiyo. Kila ninapotaka kuandika kwamba kukusanyika kunatosha, ninayakumbuka majengo yale. Watu wanaweza kuketi benchi moja kwa miaka 20, wakaimba ukurasa mmoja, na jicho la mmoja lisimfikie mwenzake hata siku moja.

Basi nilikuwa na sababu za kutosha za kutokwenda. Zilinishikilia siku 11.

Mikono mitupu

Nilikwenda Jumamosi mchana, bila kitabu cha stakabadhi, na kilo moja ya sukari ndani ya mfuko. Mama alikuwa uani akisugua chuma cha vitumbua. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza bila hasira yoyote, kama anayeuliza bei ya kitu, "Safari hii ni mchango gani?"

"Hakuna mchango, mama. Nimekuja kukuona."

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniingiza ndani, akageuza ndoo na kuniwekea kitambaa juu yake ili niketi, naye akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Ndipo nilipoelewa kwa nini ile Jumanne hakuniletea kiti. Hapakuwa na kiti. Sebule ilikuwa tupu kabisa, na juu ya saruji palikuwa bado na alama za miguu ya makochi, mistatili midogo safi katikati ya sakafu iliyochakaa.

Hakuanza kuongea mara moja. Nilitamani kuuliza, nikawakumbuka wale wanawake wa ndizi, nikachukua chuma kile cha vitumbua, nikaendelea kukisugua kwa steli waya, kwa ubaya kiasi kwamba alininyang'anya na kunionesha namna ya kufanya.

Habari yenyewe haina jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam hajalisikia. Mwanzoni mwa mwaka alikopa kwa ajili ya ada ya mwanawe wa mwisho, mkopo wa aina ile tunayoiita kausha damu, wenye rejesho la kila wiki. Masika yalipokolea, kona yake ikajaa maji, na hakuna anayesimama ndani ya maji kununua kitumbua. Alikosa marejesho mawili. Walikuja na kirikuu, mchana, majirani wakitazama, wakabeba makochi, televisheni, jokofu, na viti vinne vya plastiki ambavyo havikuwa hata katika orodha ya dhamana.

Ilikuwa Aprili. Na ratiba ya jumuiya, ambayo ilikuwa imebandikwa nyuma ya mlango wake, ilionesha kwamba zamu ya nyumba yake ni mwezi wa Mei.

"Ningewakalisha wapi?" akaniuliza.

Alikuwa ametukimbia ili asije akatukaribisha katika chumba kile, na kwa kuwa hakutaka kuketi katika nyumba za wengine akila chai yao ilhali zamu yake ameikwepa, akaacha kabisa. Nikajikaza nikamuuliza kuhusu ile elfu kumi. Ilikuwa mtaji wa mchele na mafuta ya kesho yake. Siku mbili hakukaanga. Nami nakumbuka kwamba Jumatano ile nilipita kwenye kona yake saa moja asubuhi nikielekea kazini, nikaiona haina mtu, na sikuwaza lolote.

Nilimwambia kwamba nitamrudishia. Akakataa kwa uthabiti ambao ulinifanya nione aibu kwa mara ya pili. "Ile nilimpa Mungu, mwanangu. Sikukupa wewe, huwezi kuirudisha." Paulo anawaambia Wagalatia katika sura moja kwamba wachukuliane mizigo, na mistari mitatu mbele kwamba kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe, nami sikuwahi kuelewa jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja hadi dakika ile. Sadaka yake ilikuwa furushi lake. Sikuwa na haki ya kuligusa. Mzigo wake ulikuwa kitu kingine, na nilikuwa nimeketi juu yake, juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Ndipo akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Na wewe je? Tangu tumzike baba yako mwezi wa Agosti, sijakusikia ukiomba kwa sauti."

Ilikuwa kweli. Tangu mazishi ya baba nilikuwa nikisoma taarifa ya fedha kila Jumamosi kwa sauti iliyo wazi kabisa, na mwenyekiti aliposema "tuombe" na kupisha nafasi, nilikuwa nikiinamia daftari langu kana kwamba kuna hesabu ambayo haijafungwa. Mke wangu hakuwa ameliona hilo. Mchungaji hakuwa ameliona. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelifunika vizuri kiasi kwamba nilikaribia kulisahau. Mama huyu, aliyelala msibani kwetu siku tatu juu ya mkeka na ambaye sura yake katika msiba ule nilikuwa nimeisahau, alikuwa ameliona kuanzia Jumamosi ya kwanza.

"Nakutaja kila alfajiri ninapowasha jiko," akasema. "Hata miezi hii ambayo sikuja."

Sikuwa na jibu. Machozi yalinitoka, nami si mtu wa kulia mbele ya watu.

Mistari michache mbele

Usiku ule nilisoma sura ya 10 ya Waebrania mpaka mwisho, jambo ambalo nakiri sikuwahi kulifanya kwa mkupuo mmoja. Mistari 9 baada ya lile onyo letu la watoro, mwandishi anawakumbusha wasomaji wake mambo waliyopitia, na miongoni mwake yamo haya: "mkakubali kwa furaha kunyang'anywa mali zenu."

Kumbe barua ile iliandikiwa watu ambao sebule zao zilikuwa tupu.

Najua kwamba sababu ni tofauti. Wao walinyang'anywa kwa ajili ya imani yao, na mama wa vitumbua alinyang'anywa kwa ajili ya deni. Lakini aibu ya kubebewa vitu mchana kweupe nadhani inafanana popote. Huenda desturi ile ya kuacha kukusanyika, ambayo sisi tumeifanya kuwa jina la uvivu, ilikuwa kwa baadhi yao desturi ya watu waliochoka, wasiokuwa na kitu cha kumkaribishia mgeni. Mwandishi alilijua hilo, na bado hakuwaambia wabaki nyumbani mpaka watakapopata viti.

Na ule mstari wa Warumi ambao siku zote niliuona kuwa ni adabu tu ya mtume mbele ya watu asiowafahamu, kwamba anatamani kuwaona ili "tufarijiane mimi na ninyi, kila mtu kwa imani ya mwenzake, yenu na yangu", sasa nausoma kama taarifa. Paulo alikuwa anahitaji kitu kilichoko Rumi. Mtu akienda kumtia moyo mwenzake huku akidhani kwamba moyo wote uko upande wake, hajaenda kama ndugu.

Mikeka

Kwa ruhusa ya mama, niliiambia jumuiya jambo moja tu: nyumba ile haina viti. Sikueleza zaidi, na nawashukuru wenzangu kwamba hawakuuliza zaidi, angalau si siku hiyo. Mwenyekiti wetu, mzee aliyestaafu kazi ya bandari, alikaa kimya kidogo, akasema, "Basi tutabeba mikeka."

Yaliyofuata hayakuwa mepesi, wala hayajaisha. Habari za mkopo zilijulikana, kwa kuwa mtaa una masikio, na palitokea ubishi mkali. Wapo waliotaka mfuko wa jumuiya ulipe deni lote, na wapo waliosema kwamba kufanya hivyo ni kumnenepesha mkopeshaji na kuwafundisha wengine kukopa. Mimi niliona kwamba pande zote mbili zilikuwa na hoja. Hatimaye wanajumuiya wawili wanaojua hesabu walikubali kwenda naye kudai mchanganuo wa deni kwa maandishi, na kuuliza pia habari za leseni, kwa kuwa sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe nayo. Mchanganuo ulipatikana baada ya safari nne. Deni limepungua, halijakwisha. Makochi hayajarudi.

Pendekezo langu la kuanza kila Jumamosi kwa kuuliza "Nani hayupo?" lilipokelewa vizuri, likafanyika Jumamosi tatu, na ya nne tukalisahau. Nimeliandika sasa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la michango, kwa wino uleule mwekundu.

Lakini Jumamosi ya mikeka ilikuwapo. Tulifika watu 19, kila mmoja na mkeka wake kwapani, na chumba kile kikajaa hadi mlangoni. Mama alikuwa amekaanga vitumbua tangu saa 10 za alfajiri na hakukubali mtu yeyote achangie hata mafuta. Neno lilisomwa. Kisha mwenyekiti akasema tuombe, akapisha nafasi, na nikaona kwamba sina daftari la kuinamia, kwa maana siku ile nilikuwa nimeliacha nyumbani kwa makusudi.

Nikaanza. Nilisema, "Bwana, tunakushukuru kwa ajili ya nyumba hii," nikasema, "na kwa ajili ya baba yangu," na hapo sauti ikakatika. Nilijaribu tena na haikutoka. Kimya kilikuwa kirefu. Niliwasikia watu wakipumua, nikasikia mafuta yakichemka jikoni.

Kisha, kutoka pale kwenye mlango wa jikoni alipokuwa amesimama na mwiko wake, mama akalichukua neno pale pale nilipoliachia. "Na kwa ajili ya baba yake," akasema, akaendelea.